Msishuke

Kila siku ya kazi, saa moja na nusu asubuhi, mlinzi wa lango la maji alifungua kibanda chake, akaweka birika kwenye jiko la umeme, akasoma kipimo kilichopigiliwa ukutani na kuandika namba kwenye daftari. Ufunguo wa kibanda ulifungwa kwenye kipande cha mti ili ukiangukia bwawani uelee. Ulikuwa umeshaanguka mara mbili. Kazini walimwita Bi Lango, na alilizoea jina hilo kiasi kwamba hata hospitali alilitaja hilo kwanza.

Kibanda kilikaa juu ya ukuta wa bwawa. Ndani mlikuwa na stuli, meza, koti la mvua lililochanika kwapani, na gurudumu la chuma la kufungulia maji, kubwa hivi kwamba ilimbidi alilalie kwa kifua ndipo lizunguke. Chini kabisa, ngazi mia tatu na kumi na mbili kutoka pale, palikuwa na mdomo wa bomba kuu linalopeleka maji mjini. Bomba lile huota utando wa kijani ndani, na watu sita walikuwa na kazi ya kushuka humo na brashi za waya kuusugua. Kiongozi wao, waliyemwita Nyapara, alikuwa mdogo wake Bi Lango, wa tumbo moja.

Kabla ya kushuka, Nyapara alisubiri simu kutoka juu. Mwongozo wa kazi, ulioandikwa na mhandisi aliyestaafu zamani, uliruhusu maneno mawili tu. Lango likiwa limefungwa na litabaki limefungwa, mlinzi aseme "Mshuke". Maji yakiwa njiani, aseme "Msishuke". Mhandisi aliamini kwamba watu wakiachiwa kuongea wataongea, na neno lenye kazi litapotelea kwenye salamu. Nyapara alijibu "Sawa", akakata simu, na kwa miaka mingi ndivyo ilivyokwenda bila mtu kupata hata mchubuko.

Simu walizokuwa nazo wakati huo zilikuwa za vibonye, zile zenye tochi kichwani. Zilipiga na kupokea, basi. Chaji ilikaa wiki, na ya Nyapara ilishawahi kukanyagwa na toroli la saruji ikaita vilevile. Zilikuwa na mikwaruzo, hilo halikatai mtu, lakini mikwaruzo ile ilikuwa na faida yake: ukiisikia unauliza, "Enhe? Rudia." Mwenzako anarudia, maisha yanaendelea.

Kisha zikaletwa simu mpya. Ziligawiwa kantini, kwa soda na keki, na meneja mkuu akasema idara sasa imeingia zama nyingine. Simu zile zilikuwa na kamera tano. Zilihesabu hatua za mtu, zilipima mapigo ya moyo, zilitambua ndege kwa mlio wake, na zilikuwa haziingii maji. Ili upige simu ilibidi kwanza uondoe picha ya mandhari ya siku, ujibu swali "Je, umekunywa maji ya kutosha leo?", upitishe tangazo la kamera ya tano, ndipo kitufe cha kupigia kijitokeze, nacho kimehama kutoka kilipokuwa jana. Ukimaliza kuongea, simu iliuliza, "Mazungumzo yalikuwaje?" na kukuwekea nyota tano uzibonye. Bi Lango hakuwahi kubonya hata moja. Aliona ni umbea.

Kilichosifiwa kuliko vyote kilikuwa kitu kinachoitwa Sauti Safi. Simu iliyopokea iliisafisha sauti kabla ya kuifikisha sikioni: ilitoa upepo, ilitoa mvua, ilitoa mafuta yanayochemka na bomba linalovuja. Ilichobakiza ilikiunganisha vizuri, bila pengo, bila mkwaruzo. Hakuna aliyeuliza "Enhe?" tena. Neno hilo lilikufa mjini ndani ya wiki tatu.

Mambo madogo madogo yakaanza kutokea. Mpishi wa shule alimpigia msaidizi wake kuhusu chumvi, na mchana ule watoto mia tatu walishinda bombani wakinywa maji. Familia moja iliwaambia wageni wasije Jumamosi. Wageni arobaini walikuja na zawadi, wakamkuta mwenye nyumba na ndoo ya kudekia. Mtu mmoja alimkataza kaka yake kusaini karatasi, kaka akasaini, na sasa wakikutana barabarani kila mmoja anatazama viatu vyake. Aliyesema aliapa alisema vizuri. Aliyesikia aliapa alisikia vizuri, na kweli alisikia vizuri.

Hata kwa Bi Lango ilitokea. Siku moja alikwenda hospitali kutiwa dawa ya macho, na mdogo wake aliahidi kumfuata kwa pikipiki kwa kuwa dawa ile humwacha mtu akiona ukungu. Saa sita Nyapara akapiga: "Dada, nimebanwa na kazi. Unisubiri." Bi Lango akasubiri kwenye benchi la getini saa tatu nzima, akisalimiana na watu asiowaona, mpaka muuguzi mmoja akamwonea huruma na kumpakia kwenye gari la wagonjwa lililokuwa likienda upande ule.

"Nilikwambia usinisubiri!" mdogo wake alisema jioni mezani.

"Ulisema unisubiri. Nilikusikia kwa masikio yangu mawili."

"Basi peleka na masikio yakatiwe dawa."

"Mmeanza nyie wawili," alisema wifi yake, na akacheka mpaka akaweka kijiko chini.

Walikuwa wakiishi pamoja, watu watatu. Nyumba walikuwa wameijenga Nyapara na mkewe. Bi Lango alikaa kwenye chumba cha uani tangu ndoa yake ilipovunjika, mwaka wa sita huo. Hakuwa na mtoto, wala ndugu mwingine. Kila Jumapili wifi yake alimkalisha kwenye kigoda na kumsuka nywele, na wakati wa kusuka walisengenya watu wote waliokuwa na haki ya kusengenywa. Bi Lango alimpenda wifi yake kuliko alivyowahi kumpenda mume wake, na hakuona aibu kulisema.

Jumanne moja, saa mbili na dakika kumi asubuhi, ofisi ya juu ilimwagiza afungulie maji. Bi Lango alikuwa ndiyo kwanza amemimina chai. Alipiga funda moja la moto, akajibu swali la kunywa maji, akapitisha kamera ya tano, akakitafuta kitufe, akapiga.

"Msishuke," alisema.

"Sawa, dada."

Aliliendea gurudumu, akalilalia kwa kifua.

Watu watano walitoka kwa sababu Nyapara alibaki chini ya ngazi akiwasukuma mmoja mmoja. Yeye maji yalimchukua. Walimpata Ijumaa kwenye chujio la mjini, na simu yake ikiwa kwenye mfuko wa shati, ikiwaka. Ilikuwa na chaji asilimia arobaini. Kwenye kioo ilikuwa imeandika: "Je, umekunywa maji ya kutosha leo?"

Baada ya mazishi Afisa Usalama aliwaita ndugu wa marehemu ofisini kwake. Alikuwa mwanamume mpole mwenye kikohozi, aliyependa kupanga kalamu zake kwa urefu. Alieleza kwamba kwa bahati nzuri simu hizi hujirekodia kila mazungumzo, kwa hiyo hakuna haja ya kubishana. Akabonyeza. Sauti ya Bi Lango ikatoka, safi, karibu, kama vile amekaa mezani kando ya kalamu.

"Mshuke."

"Sawa, dada."

Wifi yake aliomba irudiwe. Ikarudiwa.

"Nilisema msishuke," alisema Bi Lango.

"Hapa hukusema," alisema Afisa, kwa upole.

"Mimi najijua nilichosema. Mdomo ni wangu."

Wifi yake hakumtazama. Alichukua mkoba wake, akatoka, na jioni ile akafunga nguo zake na kurudi kwa mama yake, safari ya nusu siku. Simu ya mumewe aliiacha mezani. Hakusema aichukue nani.

Simu ile ilikaa pale ikiendelea na kazi zake. Kila saa nne usiku ilipiga kengele ndogo na kutangaza, "Leo hujatembea hata hatua moja!" Bi Lango alivumilia siku tisa. Siku ya kumi aliivingirisha kwenye taulo akaipeleka kwa fundi ili ainyamazishe.

Fundi simu alikuwa na kichumba chembamba kati ya duka la viatu na kinyozi, kilichojaa vioo vilivyopasuka. Alimjua Bi Lango kwa sababu ndiye aliyembadilishia betri enzi za vibonye. Alisikiliza shida, akafungua simu kwa ukucha wa kidole gumba, akaigeuza juu ya sinia na kuigonga mgongoni. Vikaanguka vipunje vyeupe, vyembamba, kama chuya za mchele, konzi nzima.

"Hivi ni nini?" Bi Lango aliuliza.

"Si," alisema fundi.

"Si nini?"

"Si zenyewe. Zile za kwenye maneno. Simu hizi zinazitoa. Sa, se, so, su zina kifua, zinapita. Si ni nyembamba, inapitia menoni, simu inadhani ni bomba linavuja, basi inaitoa inaiweka huku nyuma. Hata jina lake simu yenyewe haiwezi kulitaja, linabaki mu." Alinyoosha kidole kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya rafu, limejaa pomoni. "Nafagia kila jioni. Wengine wanataka zao, wengine wanasema tupa. Hizi nitupe?"

Bi Lango alichukua kipunje kimoja akakiweka sikioni. "Si," kilisema, kwa sauti ya mmoja wa wale watano, yule mwenye meno ya mbele yaliyoachana. Akachukua kingine. Ilikuwa sauti ya wifi yake, ina haraka na mapenzi ndani yake, na Bi Lango alijua ni ya "usichelewe", kwa sababu wifi yake alimwambia mumewe usichelewe kila siku ya Mungu. Zilikuwa nyingi za hiyo.

Aliomba stuli. Fundi akampa stuli. Akaweka sinia mapajani na kuanza kuchambua, kama achambuavyo mchele mtu mwenye wageni: anachukua, anasikiliza, anaweka kando. Wateja waliingia na kutoka. Kinyozi wa jirani alikuja kuomba maji, akaangalia, akauliza kama kuna za kwake, akaambiwa hakuna, akaondoka. Saa kumi hivi Bi Lango alishika kipunje kimoja na mkono wake ukatulia. Kilikuwa na chai ndani yake. Ungeweza kusikia jinsi ulimi ulivyoungua kidogo.

"Hii si yangu," alisema.

"Basi irudishe kwenye sinia."

"Nasema hii ndiyo si yangu."

"Ah," alisema fundi, na akamtafutia kiberiti kitupu cha kuiwekea.

Asubuhi yake alikuwa ofisini kwa Afisa Usalama kabla mlango haujafunguliwa. Afisa alikisogeza kipunje sikioni, akasikiliza mara mbili, akakirudisha kwenye kiberiti kwa adabu.

"Mama, ni sauti yako hii. Mimi nakuamini."

"Basi andika."

"Naandika sasa hivi."

Ripoti za idara siku hizi hazikuandikwa kwa mkono. Afisa aliziongelea kwenye simu, nayo ikaziandika na kuzipeleka kunakohusika. Kwenye sehemu ya uamuzi fomu ilikubali moja kati ya majibu mawili: "Kosa lake" au "Si kosa lake". Afisa alisafisha koo, akasogeza simu mdomoni na kutamka kwa heshima zote, "Si kosa lake."

Simu ikaandika: Kosa lake.

Alifuta. Akasema tena, polepole, akibana meno kwenye neno la kwanza. Kosa lake. Akajaribu kusema "Hana kosa," na simu ikamjibu kwamba jibu hilo halitambuliki, achague moja kati ya yale mawili. Akasimama dirishani akasema kwa sauti ya juu, mpaka karani wa chumba cha pili akachungulia. Kosa lake.

"Andika kwa kalamu," alisema Bi Lango. "Unazo kumi hapo."

"Mfumo haupokei kalamu, mama." Alionekana ameumia kweli. "Na muda wa kufunga faili unaisha leo."

Bi Lango alimwomba basi kitu kimoja: neno la kazi libadilishwe, watu waambiwe "Kaeni juu", ambalo halina si ndani yake. Afisa alisema ni wazo zuri sana. Alieleza kwamba mwongozo sasa umo ndani ya simu zenyewe, na kuubadilisha kunahitaji ombi, na ombi hufunguliwa kwa kutamka neno "Sitisha". Walitazamana. Afisa akaanza kupanga kalamu.

Hawakumfukuza, kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyejua kulilalia lile gurudumu. Walimpa barua ya onyo na wakamletea nyapara mpya. Tangu siku hiyo, kila alipopiga simu kusema "Msishuke", Bi Lango aliishusha simu, akashuka yeye ngazi mia tatu na kumi na mbili, akawaambia kwa mdomo, akapanda tena kufungulia maji. Magoti yalimvimba. Simu ilifurahi sana. Ilimrushia fataki kwenye kioo na kumtangazia kwamba amewapita watumiaji wote wa umri wake.

Jumapili iliyofuata alisafiri kwenda kwa wifi yake, na kiberiti kwenye mkoba. Alimkuta uani kwa mama yake anasuuza vyombo. Amekonda. Nywele za Bi Lango zilikuwa zimefumuka zote, hazijaguswa tangu msiba, na aliona jinsi macho ya wifi yake yalivyokwenda kichwani kwake mara moja na kurudi kwenye sufuria.

"Wifi, nimekuletea kitu. Ukisikilize tu, halafu naondoka."

Wifi yake alijifuta mikono, akafungua kiberiti, akaweka kipunje sikioni. Kuku walipita kati yao.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi. Nilisema, wifi. Nilisema yote, simu ndiyo ikaitoa."

"Ulikuwa unakunywa chai."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unakunywa chai," wifi yake alirudia, si kwa ukali, ila kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Alifunga kiberiti akakitia mfukoni. "Niachie hii. Nina mambo ya kufikiri. Nyumba ile, na wewe, na kila kitu. Nikishafikiri nitakupigia."

"Usinipigie. Niite nije."

"Nitakupigia," alisema wifi yake, na akarudi kwenye vyombo.

Bi Lango alikaa siku kumi na tisa akisubiri. Alipiga deki nyumba nzima, hata chumba ambacho hakikuwa chake. Alinunua chanuo jipya la kusukia akaliweka juu ya kigoda, kisha akaona ni kujitabiria, akaliondoa, kisha akalirudisha. Alijiambia wifi yake ameipokea si. Mtu asiyetaka kusamehe angeitupa kwa kuku. Alijiambia hivyo kila asubuhi akiwa anapanda ukutani, na kufika ngazi ya mia mbili alikuwa ameshaamini.

Siku ya ishirini, saa tisa mchana, simu iliita. Picha ya wifi yake ikajitokeza kwenye kioo ikitabasamu, kwa kuwa simu ilimchagulia yenyewe picha aliyopendeza.

"Wifi," ilisema sauti.

"Abee, wifi yangu."

"Uhame."

Kisha simu ikakatwa. Sauti ilikuwa safi kabisa, hata pumzi haikusikika. Bi Lango alipiga, haikupokelewa. Alipiga tena, ikawa imezimwa.

Hakukaa chini. Alivaa viatu akaenda kwa fundi, na njiani alikuwa karibu ana furaha, maana sasa alikuwa anajua mambo haya yanavyokwenda. Uhame si neno la wifi yake. Wifi yake amesema usihame. Si iko humu ndani, nyuma ya kioo, ina sauti yake, na atakapoisikia ataichukua na kuiweka kwenye kiberiti kingine na kulala nayo chini ya mto. Alitembea haraka hivi kwamba simu ilimuuliza kama yuko kwenye mazoezi.

"Nifungulie," alimwambia fundi. "Natafuta moja tu."

Fundi alifungua kwa ukucha, akageuza juu ya sinia, akagonga. Vilianguka vipunje kumi na moja. Bi Lango alikuwa mtu wa kupigiwa na wachache.

Alikaa kwenye stuli. Cha kwanza kilikuwa cha karani wa ofisi ya juu: "usisahau", bila shaka, anaipenda hiyo. Cha pili kilikuwa cha karani vilevile. Cha tatu cha muuza mboga. Cha nne, cha tano na cha sita karani. Cha saba kilikuwa cha wifi yake, lakini kilikuwa na kicheko ndani yake na sauti ya maji ya moto, ni cha zamani, cha wakati wangali wanacheka. Cha nane kilikuwa cha Afisa Usalama, akimwomba asikate tamaa. Cha tisa hakumtambua mwenyewe, labda mtu aliyekosea namba. Cha kumi karani.

Kilibaki kimoja. Alikishika kwa muda kabla ya kukipeleka sikioni, na fundi akaacha alichokuwa akifanya.

"Si," kilisema.

Kulikuwa na kelele za toroli nyuma yake, na uchovu, na haraka ya mtu aliyebanwa na kazi. Ilikuwa ya mdogo wake, ya siku ile ya macho. Usinisubiri.

"Hii si ya wifi," alisema Bi Lango.

Fundi safari hii hakuuliza kama ni ndiyo au hapana. Aliitwaa simu akaigonga tena, mara ya pili, mara ya tatu, akapuliza kwenye matundu, akamulika ndani kwa tochi ya kichwani.

"Ni tupu," alisema. "Hajaacha kitu."

Alimfungia simu vizuri, akaifuta kioo kwa kitambaa, akakataa malipo. Bi Lango alikitia kipunje cha mdogo wake mfukoni, akasimama. Atahitaji maboksi. Duka la viatu la jirani hutoa maboksi, alishayaona nje yamepangwa, na godoro linaweza kukunjwa. Kigoda si chake.

Mlangoni simu ikatoa kengele ndogo. Ilikuwa bado inasubiri jibu la saa tisa. "Mazungumzo yalikuwaje?" iliuliza, na nyota tano tupu zikajipanga kwenye kioo.

Bi Lango alizitazama. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu apewe simu ile, akabonya zote tano, moja baada ya nyingine, kwa kuwa yeye hakuwa mtu wa kusema uongo: neno alilotumiwa lilikuwa limefika lote.